Hamira Ipi Hii? Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kulinganisha Hamira Zinazowasumbua Wanyama Mombasa

Mama mmoja wa Kisauni aliniita niwaangalie ng'ombe wake watatu, wote wamevimba kiwele. "Mwanangu, tyubu nimetia hata nimechoka. Huyu wa kwanza apata nafuu siku mbili, kisha maziwa yarudi na madonge." Nikamuuliza, "Mama, hizo tyubu ni za dawa gani?" Akaniletea mfuko mzima wa maganda. Zote zilikuwa antibayotiki, za aina tatu tofauti. Maziwa yalipofika maabara, kilichoota kwenye sahani hakikuwa bakteria. Ilikuwa hamira, aina ya fangasi ambayo antibayotiki haiiui.

Hamira hii ni ndugu wa ile inayoumua mahamri, lakini ni ndugu wa mbali. Ya mahamri huitwa Saccharomyces cerevisiae na haina neno. Nyuma ya jina hilohilo la hamira wamo viumbe wengine wengi: wapo waishio kwenye nta ya sikio la mbwa, wapo wa utumbo wa kuku, wapo wa mavi ya njiwa. Majibu ya vipimo yakirudi yameandikwa "fangasi" na kuishia hapo, mwenye mnyama hajaambiwa kitu. Dawa inayoiua hamira moja huenda isiiguse nyingine. Na hata ukijua spishi, bado hujajua imetoka wapi mpaka uangalie nasaba yake, yaani tawi lake ndani ya spishi hiyo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa daktari wa mifugo, fundi wa maabara na mwanafunzi wa hapa Pwani, na kwa mfugaji anayetaka kujua sampuli yake inapitia nini.

Hatua ya kwanza: jua unamtafuta nani

Kwa mbwa, mshukiwa wa kwanza ni Malassezia pachydermatis. Mtafiti Weidman aliieleza mwaka 1925 akiwa ameitoa kwenye ngozi ya kifaru wa India katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, na jina lake linakumbusha wanyama wa ngozi nene. Mbwa mzima huishi nayo bila madhara. Balaa huanza pale ngozi inapopata joto, unyevu na mafuta kwa pamoja, na hayo Mombasa hatuyakosi, hasa masika inapokutana na kusi. Mbwa wa masikio yaliyolala, aliyeogelea baharini Nyali na kukaushwa nusunusu, ndiye mgonjwa wangu wa kila mwaka.

Jenasi hiyo ina tabia ya kuvutia: spishi zake kadhaa zimemzoea mnyama fulani. Malassezia nana, iliyoelezwa mwaka 2004, ilitoka kwenye masikio ya paka na ng'ombe. Mbuzi wana Malassezia caprae, farasi Malassezia equina, sungura Malassezia cuniculi. Kwa hiyo ukitibu sikio la mbuzi, usikisie kwamba ni ileile ya mbwa.

Candida ni habari nyingine. Kwa kuku, Candida albicans huweka utando mweupe ndani ya gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, hadi ukaonekana kama taulo lililolowa. Mara nyingi hutokea baada ya antibayotiki za muda mrefu au maji machafu. Candida albicans inayotolewa kwa wanyama haina ukoo wake wa peke yake. Imo ndani ya koo zilezile zinazoonekana kwa binadamu, ingawa kila ukoo hauonekani kwa kiwango sawa pande zote mbili.

Kwenye kiwele utakutana na Candida krusei, ambayo siku hizi huitwa Pichia kudriavzevii, pia Candida tropicalis, Candida parapsilosis na Kluyveromyces marxianus. Candida krusei hiyo imepatikana pia kwenye suusa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa ambayo Wasomali wa hapa kwetu huyanywa. Hamira za mastitisi, yaani ugonjwa huu wa kiwele, ni za mazingira kwanza: ziko kwenye chakula kilicholowa, matandiko, vitambaa na mikono.

Cryptococcus usiichukulie kwa wepesi. Paka mwenye uvimbe juu ya pua au kidonda kisichopona usoni anastahili kupimwa. Cryptococcus neoformans hupenda mavi ya njiwa. Ndugu yake, Cryptococcus gattii, ana uhusiano na miti. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliipata kwenye mkaratusi wa Eucalyptus camaldulensis, na tangu mwaka 1999 mlipuko wa kisiwa cha Vancouver, Kanada, uliwapata watu, paka, mbwa na hata pomboo. Atakayechokonoa mavi ya njiwa kwenye dari la nyumba ya Mji wa Kale kutafuta sampuli avae barakoa ya kuchuja vumbi, na ayaloweshe kwanza. Kamwe asifagie yakiwa makavu.

Kuna pia Prototheca, ambayo si hamira kabisa bali ni mwani usio na rangi. Hutia ng'ombe ugonjwa wa kiwele, na makoloni yake, yale madoa yanayoota kwenye sahani, hufanana na ya hamira kiasi cha kumdanganya fundi mwenye haraka. Iweke akilini hadi utakapofika kwenye hadubini.

Hatua ya pili: chukua sampuli kabla ya dawa

Kazi nyingi huharibikia hapa, wala si kwenye mashine za bei ghali.

Kwa sikio, usilisafishe kwanza. Chukua vijiti viwili vya pamba safi. Cha kwanza kizungushe kwenye mfereji wa sikio pale unapopinda, kisha kiviringishe juu ya kioo cha hadubini papo hapo. Cha pili kitie kwenye kichupa chenye agari (rojo la kutunzia na kuoteshea vijidudu) ya kusafirishia, kiende kuoteshwa. Fanya masikio yote mawili, kila moja na vijiti vyake, hata kama bovu ni moja tu. Mbwa anaweza kubeba nasaba moja kulia na nyingine kushoto.

Kwa ngozi, mahali penye mafuta, kwapani au katikati ya vidole, bandika utepe wa selotepu safi mara kadhaa palepale, kisha ubandike kwenye kioo. Ni rahisi, na mbwa mkali hukuvumilia zaidi.

Kwa maziwa, fuata utaratibu huu bila kuruka:

Osha mikono. Futa chuchu kwa maji safi na uikaushe kwa karatasi ya kutupa. Kamua michirizi mitatu minne ya kwanza uimwage kwenye chombo, usiimwage sakafuni. Sugua ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ukianza na chuchu za mbali ili mkono usipite juu ya zilizokwisha safishwa. Ngoja ikauke. Sasa anza na chuchu za karibu: shika kichupa kisafi kikiwa kimeinama, kifuniko kikitazama chini, ukamue mililita chache. Kila robo ya kiwele na kichupa chake.

Kisha chukua sampuli ambazo wengi husahau: kitambaa cha kufutia kiwele, mikono ya mkamuaji, maji ya ndoo, ncha ya tyubu iliyofunguliwa, chakula cha horini. Bila hizo, hatua za mbele hazitakuambia chanzo.

Andika kwa kalamu isiyofutika: tarehe, mtaa, mnyama, mahali mwilini, na dawa zote alizopewa mwezi uliopita. Usiandike jina la mwenye mnyama kwenye kichupa. Mpe namba, na jina libaki kwenye daftari lako.

Maziwa yasafiri kwenye kasha la barafu. Vijiti vya sikio havihitaji barafu, ila visikae kwenye dashibodi ya gari linalokaangwa na jua pale foleni ya Changamwe. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo iliyo karibu nasi iko Mariakani, kilomita kama 35 kwa barabara ya Nairobi. Piga simu kabla hujaondoka, uulize kama wiki hiyo wana agari ya kuoteshea fangasi. Kazi ya DNA kwa kawaida hupanda Nairobi: Kabete, vyuo vikuu na vituo vya utafiti.

Hatua ya tatu: hadubini

Kioo kilichopakwa rangi ya haraka ya seli kitakuonyesha Malassezia kwa dakika tano. Umbo lake ni kama njugu nyasa ndani ya ganda au alama ya unyayo, na chipukizi lake lina shingo pana. Candida huchipua kwa shingo nyembamba na mara nyingi huunganisha seli kuwa uzi wa kuungaunga. Cryptococcus itie tone la wino wa India: utaona seli imezungukwa na duara jeupe, hilo ndilo koti lake. Prototheca haichipui. Utaona mfuko mmoja uliogawanyika ndani kama danzi lililomenywa.

Hesabu pia. Katika sikio la mbwa, kipimo kinachotumika sana ni wastani wa Malassezia 2 au pungufu kwa kila eneo la kuonea, kwa ukuzaji wa mara 400, kuwa hali ya kawaida. Wastani wa 5 na zaidi ni dalili kwamba zimezidi. Lakini hesabu isikufumbe macho: mbwa mwenye mzio hulia na kujikuna hata kwa hamira chache.

Hatua ya nne: otesha, kisha usitosheke na koloni moja

Agari ya Sabouraud yenye kloramfenikoli ya kuzuia bakteria inatosha kwa nyingi. Candida itaota ndani ya siku moja au mbili kwa nyuzi 37. Malassezia pachydermatis nayo huota hapo, lakini ndugu zake wengi hawaoti bila mafuta. Watafutie agari ya Dixon iliyoboreshwa, au ukikosa, paka mafuta ya zeituni yaliyotakaswa juu ya Sabouraud, nyuzi 32 hadi 34, uwasubiri wiki nzima. Sahani ikikaa tupu usiseme "hakuna kitu" kama hukuwapa mafuta.

Kuna mtego mmoja ulionigharimu mwanzoni: agari iliyotengenezwa kwa ajili ya choa huwa na sikloheksimidi, na dawa hiyo huizima Cryptococcus neoformans pamoja na Candida kadhaa. Soma kibandiko.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii. Usichukue koloni moja nzuri iliyoota katikati na kuitupa sahani. Chukua tano au zaidi, hata zikifanana kwa macho, kila moja iote peke yake. Mnyama mmoja anaweza kubeba spishi mbili, au nasaba mbili za spishi moja. Ukichukua moja kwa kila mnyama, utaandika kwamba wanyama wanatofautiana, kumbe wote wana mchanganyiko uleule na wewe umebahatisha tofauti.

Kuhifadhi: gliseroli ya asilimia 15 hadi 20 kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo bora. Huna friza hiyo? Candida na Cryptococcus hukaa muda mrefu ajabu ndani ya maji safi yaliyochemshwa kwa presha na kufungwa vizuri, kwenye kabati, kwa joto la chumba. Malassezia haina uvumilivu huo. Ihamishe kwenye sahani mpya mara kwa mara au uitoe DNA mapema kabla haijafa.

Hatua ya tano: ipe jina la spishi

Anza na vya bei nafuu. Tia hamira kidogo kwenye seramu kwa nyuzi 37, saa 2 hadi 3. Ikitoa mrija kama mkia, huenda ni Candida albicans, ingawa Candida dubliniensis nayo hufanya hivyo. Agari ya rangi hukuonyesha albicans kwa kijani, tropicalis kwa buluu ya chuma na krusei kwa waridi iliyopauka yenye kingo za manyoya. Cryptococcus huwa kahawia kwenye agari ya mbegu za niger (Guizotia abyssinica). Hospitali na vyuo vyenye mashine ya MALDI-TOF, inayotambua kijidudu kwa protini zake, hutaja jina kwa dakika chache, ila kwa hamira za wanyama mashine hiyo hutegemea kama spishi yako imo kwenye orodha yake.

Jibu la uhakika liko kwenye DNA. Ukuta wa seli ya hamira ni mgumu. Uvunje kwa shanga ndogo za kioo zikitikiswa kwa nguvu, au kwa kimeng'enya cha laitikesi, kabla ya kusafisha. Kisha endesha PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia, ITS1 na ITS4, au NL1 na NL4 kwa kipande cha D1/D2, upeleke zao hilo kusomwa mfuatano pande zote mbili. Linganisha na GenBank, hifadhi ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA. Usikubali tu jina la juu kwenye orodha, maana watu huweka humo mifuatano iliyoandikwa majina ya kimakosa. Tafuta ile ya mfano rasmi wa spishi.

Hatua ya sita: linganisha nasaba

Hadi hapa una jina. Sasa ndipo swali la yule mama wa Kisauni linapojibiwa: ng'ombe wangu wameambukizana, au kila mmoja ameokota yake?

Kila kundi lina chombo chake. Kwa Candida albicans, mfumo unaotumika duniani husoma vipande vya jeni saba za kazi za kila siku za seli: AAT1a, ACC1, ADP1, MPIb, SYA1, VPS13 na ZWF1b. Kila umbo la kipande hupewa namba, na namba saba kwa pamoja ndizo kitambulisho cha nasaba. Namba hizo zimehifadhiwa kwenye tovuti ya PubMLST, bila malipo, pamoja na za tropicalis, glabrata na krusei. Cryptococcus nayo ina mfumo wa maeneo saba uliokubaliwa mwaka 2009, na aina zake kuu huitwa VNI hadi VNIV kwa neoformans, VGI hadi VGIV kwa gattii. Kwa Malassezia pachydermatis, kipande cha ITS1 na jeni ya kitini sintesi, CHS-2, hutofautiana vya kutosha kugawanya jenotaipu, yaani nasaba zake. Ndiyo maana kwa hamira hii kipande kilichokupa jina la spishi huanza kukupa nasaba pia. Kwa Candida usitegemee hivyo: ITS itakupa jina na kuishia hapo.

Tahadhari kwa anayesoma mfuatano mara ya kwanza: Candida albicans, tropicalis na krusei zina nakala mbili za kila kromosomu. Mahali ambapo nakala hizo zinatofautiana, grafu itatoa vilele viwili vilivyopandiana. Hilo ndilo umbo halisi la kiumbe, si uchafu wa sampuli. Kiandike kwa herufi ya mchanganyiko, R kwa A na G, Y kwa C na T, na uhakikishe kinaonekana pande zote mbili za usomaji. Nimeona mwanafunzi akichagua kilele kirefu kila mara na kutengeneza nasaba ambayo haipo duniani.

Chora mti wa ukoo kwa programu ya MEGA, ni ya bure. Kisha ongeza kitu ambacho bila hicho mti wako ni picha tu: hamira za kulinganisha, kutoka mashamba yasiyohusiana, tuseme Likoni, Jomvu na Mtwapa. Ng'ombe watatu wa boma moja wakiwa na nasaba moja, huenda wameambukizana. Lakini kama nasaba hiyo imeenea Pwani nzima, kufanana kwao hakuthibitishi kitu. Bila majirani huwezi kujua.

Ukishawapata majirani, kusoma ni hivi. Nasaba moja adimu ndani ya boma zima, na ileile kwenye kitambaa au tyubu: kuna mkono au kifaa kinachoisambaza. Nasaba nyingi tofauti, kila ng'ombe na yake: mazingira ndiyo chanzo, angalia matandiko na chakula. Mwaka 1998 huko Marekani njia kama hii ilionyesha kwamba Malassezia pachydermatis ya watoto wachanga waliolazwa ilifanana na ya mbwa wanaofugwa na wahudumu wa afya. Bila kulinganisha nasaba, nani angefikiria mbwa wa nyumbani?

Kabla ya kutuma DNA au hamira nje ya nchi, pata leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kibali cha rasilimali za kijenetiki cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Sampuli yenyewe ifungwe kwa tabaka tatu: kichupa kisichovuja, mfuko wenye pamba ya kunyonya, kisha kasha gumu.

Hatua ya saba: majibu yarudi kwa mwenye mnyama

Kwanza dawa zisizofaa. Griseofulvini, ambayo watu huinunua kwa kila kinachoitwa fangasi, inatibu choa tu. Haigusi hamira hata moja kati ya nilizozitaja. Flukonazoli haifanyi kazi kwa Candida krusei, ni maumbile yake. Ketokonazoli ya vidonge isipewe paka bila daktari, kwa sababu ya ini. Kwa ngozi ya mbwa yenye Malassezia, shampuu ya mikonazoli asilimia 2 na klorheksidini asilimia 2, mara mbili kwa wiki, ikae dakika 10 kabla ya kusuuzwa, ndiyo yenye ushahidi imara zaidi. Kisha tafuteni mzio uliofungua mlango, la sivyo masika ijayo mtaonana tena.

Kwa kiwele chenye hamira, acheni antibayotiki. Hazimdhuru adui na huenda ndizo zilizomleta, ndani ya ncha chafu ya tyubu. Kamueni mara nyingi, robo ile iishe kabisa kila mara, na maziwa yake yasiende kwa mtu wala ndama. Ng'ombe wengi hupona wenyewe ndani ya majuma kadhaa.

Nilirudi Kisauni na karatasi moja. Hamira ya ng'ombe wote watatu na ile ya kitambaa cha kufutia kiwele zilikuwa Candida krusei ya nasaba moja, na kwa majirani haikuonekana. Nilimwonyesha mama zile namba, nikamwelekeza kidole zilipofanana. "Kwa hiyo ni hiki kitambaa?" akauliza, huku tayari amekivua kwenye kamba. Tukakichoma. Akanunua karatasi za kutupa, moja kwa kila ng'ombe, na mkamuaji akaanza kumkamua mgonjwa mwisho.

Nilichukua maziwa tena baada ya wiki tatu, kila robo na kichupa chake, kama mwanzo.